Strati rodi za Mustang, Dart na ndugu zao: ubaki na raba, uweke poli, au uhamie himu jointi?

Ingia chini ya Mustang yoyote ya 1964 mpaka 1973, lala chali, angalia tairi la mbele. Amu ya chini utakuta ni kipande kimoja chembamba, ndani ina bolti moja na bushi moja tu, haina mguu wa pili kama zile amu za umbo la V. Sasa ukikanyaga breki nini kinazuia tairi lisirudi nyuma likagonga bodi? Ni ile fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye amu na bolti mbili, inaenda mbele kwa mshazari mpaka kwenye braketi ya chesisi karibu na rejeta, pale inapita kwenye tundu huku imebanwa na raba mbili nene, moja mbele ya braketi moja nyuma yake, halafu washa na nati. Hiyo ndo strati rodi. Haihusiani na strati ya shokapu kabisa, majina tu yanafanana, na hapo watu wengi wanaagiza spea isiyo yenyewe. Waliowahi kushika Hiace za zamani wanaijua, pale inaitwa strati baa na raba zake zinauzwa kila duka la spea, kanuni ni ileile.

Mi nakaa Ohio, nina Mustang ya 1968 ya silinda sita, na nimepitia raba, nimepitia poli (bushi za plastiki ngumu ya polyurethane), sa hivi niko kwenye himu jointi (kiungo cha tufe la chuma badala ya bushi), kwa hiyo nitasema nilichokiona na kwanini kilitokea, manake ukishaelewa ile rodi inafanya kazi gani kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Rodi ina kazi mbili na zinavutana. Kazi ya kwanza ni kushikilia. Gari ya kilo 1,300 hivi ukifunga breki kwa nguvu uzito wote unakimbilia mbele, kila tairi la mbele linavutwa nyuma na nguvu kama ya kilo 400, na kwa vile amu ya chini ndo iko karibu na barabara inabeba hata zaidi ya hapo, ile ya juu inasukumwa upande wa pili. Kazi ya pili ni kubembea. Tairi likipanda na kushuka ile rodi inapanda na kushuka nalo, kule mbele kwenye braketi lazima igeuke kidogo kama mkono unavyogeuka begani. Raba inaruhusu kubembea lakini inaachia kidogo kwenye kushikilia, kitu kigumu kinashikilia vizuri lakini kinakataa kubembea. Ugomvi wote ni huo.

Kabla hujanunua chochote hakikisha kwanza gari yako inayo, manake sio zote. Kwa Ford karibu ukoo wote wa Falcon ya 1960 unayo: Falcon, Comet, Fairlane, Mustang, Cougar, Maverick, na Ford kubwa kuanzia 1965 nazo zinayo. Kwa Chrysler, magari ya tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota, inafanya kazi ya springi) kama Valiant, Dart, Duster, Barracuda, Challenger, Charger yote yanayo. Kwa Chevrolet angalia vizuri, Chevy II na Nova za 1962 mpaka 1967 zinayo, Impala na Chevrolet kubwa za 1965 mpaka 1970 zinayo, lakini Camaro na Chevelle hazina kabisa, zile zina amu ya V yenye bushi mbili. Kuna jamaa mmoja alikuwa ananiuliza anunue strati rodi ipi kwa Camaro ya 1969, nikamwambia aende kulala chini ya gari kwanza.

Haya, tuanze na raba za kawaida, zile za kiwandani.

Raba ina sifa mbaya ambayo nusu yake haistahili. Watu wanalinganisha poli mpya na raba iliyokaa miaka 30, imelowa oili, imepasuka, halafu wanasema aisee poli ni moto. Raba mpya nzuri ingekupa karibu mabadiliko yaleyale. Kitu ambacho raba inafanya na hakuna kingine kinachofanya kwa bei hiyo ni kukubali rodi igeuke upande wowote, juu, chini, kushoto, kulia, bila kelele na bila kuitesa chuma, na tairi likigonga shimo inaliachia lirudi nyuma kidogo sana kwa hiyo ule mshindo hauji wote kwenye usukani. Bei ni makumi ya dola tu, kazi ya asubuhi moja. Ubaya wake ni kwamba ukifunga breki sana raba inabonyea, tairi linarudi nyuma kidogo, kasta (ule mlalo wa mhimili ambao tairi linageukia, ukiutazama gari kwa ubavu) inabadilika palepale, na kama raba ya kushoto imechoka kuliko ya kulia gari inavuta upande mmoja. Kwa gari yenye breki za dramu na matairi membamba hutasikia sana. Kwa gari uliyoiwekea diski mbele na matairi mapana utasikia, usukani unakuwa kama unafikiria kwanza ndo ukubali.

Poli. Hapa nitakaa kidogo manake ndo penye hatari.

Bushi za poli zinauzwa karibu bei moja na raba, zina rangi nzuri, nyekundu au nyeusi, na kila mtu anakwambia ndo hatua inayofuata. Kwa bushi za stabilaiza ziko poa sana sibishi, kule baa inazunguka tu kwenye mhimili mmoja. Lakini kwenye strati rodi za Ford bushi inatakiwa ipindike, na poli haipindiki. Sasa kama bushi haipindiki na tairi lazima lipande na kushuka, nani atapinda? Rodi yenyewe. Na itapinda wapi? Pale palipo dhaifu, kwenye nyuzi za nati, manake kila mfereji wa uzi ni mahali pa ufa kuanzia. Inapinda kidogo sana huwezi kuona kwa macho, lakini kila tuta kila shimo, maelfu ya mara, kama waya unaoukunja unaukunjua mpaka unakatika.

Hii sio hadithi ya kuambiwa. Mi niliwekewa poli pande zote mbili kwenye gereji moja huku, nikaendesha msimu mmoja na nusu, gari kweli ilikuwa inashika breki vizuri ila mbele ilikuwa ngumu ajabu, nikadhani ni springi. Siku nabadilisha raba za amu nikatoa rodi nikaisafisha na brashi ya waya, nikaona mstari mwembamba kama unywele umezunguka kwenye uzi wa kwanza nyuma ya nati. Ufa. Nilikaa chini kabisa. Mana rodi ikikatika ukiwa umefunga breki kwa mwendo mkubwa tairi linarudi nyuma, linaingia kwenye bodi, na usukani haukusikii tena, na wiki moja kabla ya pale nilikuwa nimebeba wanangu wawili kwenye gari ileile. Tangu siku hiyo mtu akiniambia anataka kuweka poli pande zote mbili za braketi namwambia hapana, sina lugha laini ya kusema.

Kuna njia ya kati ambayo wazee wengi wa Ford wanaitumia, poli upande mmoja na raba upande wa pili. Poli inakaa mbele ya braketi, raba nyuma. Sababu ni hii, ukifunga breki tairi linavuta rodi kwenda nyuma, kwa hiyo nati na washa ya mbele vinakandamiza bushi ya mbele, hiyo ndo inayofanya kazi ya breki. Ile ya nyuma ikiwa raba bado inaruhusu rodi igeuke. Unapata sehemu ya faida ya poli bila kuibana rodi kotekote. Ni rahisi, ni salama zaidi kuliko poli tupu, ila kiukweli usitegemee muujiza, na bado nashauri utoe rodi uikague nyuzi kila mwaka. Na wenye Mustang II ya 1974 mpaka 1978 ambayo rodi yake inaelekea nyuma badala ya mbele msichanganyikiwe, hata rodi ielekee wapi breki inakandamiza bushi iliyo upande wa mbele wa braketi, chora kwenye karatasi utaona.

Sasa himu jointi, yaani ile rodi ambayo mwisho wake wa mbele una kijiti chenye tufe la chuma ndani ya pete, tufe linageuka pande zote lakini haliachii hata nusu milimita kwenda mbele au nyuma. Kwa karatasi ndo jibu kamili la ule ugomvi, inashikilia na inabembea kwa pamoja. Nyingi zina sehemu ya kati ya kuzungusha, unairefusha au kuifupisha bila kuifungua, kwa hiyo kasta unaiseti ukiwa kwenye mashine ya alaimenti. Nilipoweka zangu kitu cha kwanza nilichosikia ni breki, gari inasimama kama imewekwa kwenye reli, hakuna ile kuyumba kidogo mwanzoni, na mbele ikawa laini zaidi kuliko nilipokuwa na poli ingawa chuma ni chuma, manake hakuna kitu kinachopinda tena. Hilo lilinishangaza.

Lakini zina mambo yake. Bei kwanza, hapa tunazungumzia dola mia mbili, mia tatu na kupanda kwa jozi. Mlio wa barabara unaongezeka, sio sana, ila kama ulizoea gari kimya utaujua. Vumbi na chumvi ya barabarani ni sumu kwa lile tufe, usinunue zisizo na vifuniko vya raba, na kama ndani ina kitambaa cha tefloni usipake grisi, inavuta uchafu tu. Likianza kulegea litagonga, tak tak ukipita kwenye matuta, na hapo dawa ni kubadilisha tu.

Halafu hili ambalo wauzaji hawalisemi sana: tufe limekaa wapi? Kwenye rodi ya kiwandani mahali pa kugeukia ni palepale kwenye braketi. Kuna rodi za himu ambazo tufe liko ndani ya braketi kabisa au karibu yake sana, hizo ndo nzuri. Nyingine zina kipande kilichobanwa kabisa kwenye tundu la braketi halafu jointi iko nyuma yake, inchi kadhaa kuelekea kwenye tairi. Hizo zinafanya kazi lakini rodi inayobembea imekuwa fupi kuliko ya kiwandani, na rodi fupi inachora duara dogo, kwa hiyo tairi likipanda linavutwa mbele kwa haraka zaidi, kasta inachezacheza, na kile kipande kilichobanwa sasa kinaitikisa braketi kama mtu anayeng'oa msumari. Braketi zile ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, gari ina miaka zaidi ya 50, kutu ipo. Zikague, gonga na nyundo ndogo, sugua rangi, tafuta ufa kwenye kona za kulehemu kabla hujaweka kitu kigumu pale. Mi yangu ya kulia ilibidi ichomelewe upya kabla ya yote.

Na usisahau bushi ya amu ya chini yenyewe. Amu ya Ford inazunguka kwenye mstari unaotoka kwenye bolti yake ya ndani mpaka mbele kwenye braketi ya rodi, mstari huo umekaa mshazari, lakini bolti imelala mbele-nyuma. Kwa hiyo hata bushi ya amu lazima ipindike kidogo kila mara. Ukiweka poli ngumu pale na himu mbele umehamisha tatizo tu. Raba nzuri kwenye amu pamoja na himu kwenye rodi vinaenda pamoja vizuri.

Wenye Dart na Duster na Charger mnisikilize kidogo pembeni. Kwenu habari ni tofauti. Amu yenu ya chini inazunguka kwenye pini yake na tosheni baa inaingia nyuma yake, rodi kazi yake kubwa ni kuizuia amu isiteleze kutoka kwenye pini. Kasta mnaiseti juu, kwenye zile kemu (bolti zenye duara lisilo katikati) za amu ya juu, sio kwenye rodi. Kwa hiyo mtu akinunua rodi ya kurekebisha kwa ajili ya kupata kasta nyingi kwenye Dart ananunua shida, akiivuta amu mbele kwa nguvu anaibana kwenye pini na bushi inaliwa. Kinachowafaa ni kutumia urekebishaji kutafuta urefu sahihi: toa tosheni baa, toa shokapu, funga rodi, halafu pandisha na kushusha amu kwa mkono wako. Rekebisha nusu mzunguko, jaribu tena, mpaka ufike mahali amu inabembea kwa ulaini wote bila kubana popote na bila kwenda mbele au nyuma. Jamaa yangu mwenye Dart ya 1970 alitumia Jumamosi nzima kwenye hilo na akasema ni Jumamosi iliyomfaa kuliko pesa yote aliyoweka kwenye injini. Kasta ya kutosha mtaipata kwa bushi za pembeni za amu ya juu, zile za kampuni ya Moog zenye tundu lisilo katikati, bei rahisi kabisa.

Kwa Mustang nako kuna tofauti ya miaka. Kuanzia 1967 rodi ya kiwandani ina nati mbele na nyuma, kasta unaiseti palepale, na kemba (tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) unaiseti kwa bolti ya kemu kwenye amu ya chini. Za 1964 mpaka 1966 rodi haina nafasi ya kurekebisha, kila kitu unaweka kwa vibati nyuma ya amu ya juu, kwa hiyo mwenye 1965 akinunua rodi ya himu anapata faida mbili, ugumu na urekebishaji, wakati mwenye 1968 anapata ugumu tu kwa sehemu kubwa. Kama pesa ni ndogo na una 1965 mi ningekwambia kabla ya rodi toboa upya matundu ya amu ya juu uishushe inchi moja kama Shelby GT350 ya mwaka huo ilivyokuwa, gharama yake ni drili na kipimo cha karatasi, na kwenye kona utaona tofauti kubwa kuliko kitu chochote utakachofunga kwenye strati rodi.

Sasa nani achukue nini. Gari ya kutembea Jumapili, kupeleka familia kula aiskrimu, breki za dramu au diski za kawaida: raba mpya za kampuni nzuri, pande zote mbili, bila kuwaza, na usiache mtu akuuzie kingine. Gari ya kukimbiza kidogo milimani lakini hutaki kutumia pesa nyingi: poli mbele ya braketi, raba nyuma, na ukaguzi wa nyuzi kila mwaka bila kukosa. Gari yenye diski kubwa, matairi mapana ya kisasa, au unaipeleka kwenye uwanja wa mbio mara moja moja: himu jointi, yenye vifuniko, yenye tufe kwenye braketi, baada ya kukagua braketi. Gari unayoiendesha kwenye theluji na chumvi kila siku: raba, hata kama una pesa. Poli pande zote mbili: hakuna gari ya Ford ninayoweza kuishauri hivyo.

Kuna wanaouliza kwanini usiondoe rodi kabisa ukaweka amu ya V ya mabomba. Inawezekana, na kwenye magari yanayojengwa upya kwa kutumia mbele ya Mustang II ni kawaida sana, manake wajenzi hawataki ile rodi ya nyuma. Lakini kwa Mustang ya 1968 hiyo ni kazi ya kubadilisha mpaka sehemu ya kufungia kwenye chesisi, pesa ni nyingine kabisa, na kwa barabarani sijaona sababu.

Kwenye kufunga nina mambo machache tu. Piga picha mpangilio wa washa kabla hujafungua, kila washa ina uso wake na ukizigeuza bushi inakatwa. Pima urefu wa nyuzi zinazoonekana kabla ya kutoa, urudishie hapohapo ili gari ifike kwenye alaimenti ikiwa bado inaendesheka. Bolti ya bushi ya amu ya chini usiikaze gari ikiwa hewani, ishushe kwanza ikae kwa uzito wake mwenyewe ndo ukaze, la sivyo ile raba inabaki imejipinda muda wote na haikai mwaka. Na alaimenti mwambie fundi asitumie vipimo vya kitabu cha 1968, vile viliandikwa kwa matairi ya nyuzi za mshazari. Kwa matairi ya rediali mwambie kasta digrii 2 mpaka 3 chanya, kemba sifuri mpaka hasi nusu, matairi yaangalie ndani kama milimita 3 kwa jumla. Kama usukani hauna pawa baki kwenye 2, kwenye 3 utatoka jasho ukiegesha. Ukiivuta rodi sana kutafuta kasta, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama tairi halisugui bodi upande wa mbele.

Mi yangu iko kwenye 2.5, haina pawa, na rodi ile yenye ufa nimeitundika ukutani gereji juu ya meza ya kazi. Mtu akija kuniuliza habari za poli namkabidhi aishike kwanza, nampa na tochi.